Tunamhukumu aliye kwenye foleni kwa vazi la aliye jukwaani

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika nikaufuta zaidi ya mara tatu, leo nimeamua uende kama ulivyo.

Mimi ni mtu wa dirishani. Nafanya kazi mapokezi ya hospitali: napokea kadi, naingiza taarifa kwenye kompyuta, naita majina. Hayo mengine hayana neno. Kuita ndiko kulikonileta hapa.

Asubuhi moja mabenchi yalikuwa yamejaa. Nilichukua kadi iliyokuwa juu nikasoma majina matatu ya kiume kwa sauti ya kufika mlangoni. Hakusimama mtu. Nikarudia, safari hii nikatanguliza "Kaka" ili niwe na adabu. Kwenye benchi la tatu akainuka dada mmoja. Gauni la buluu lililoshuka hadi kwenye vifundo, nywele zimesukwa kwa utulivu, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa ambacho damu ilikuwa imeanza kukipenya. Akapiga hatua nne hivi. Mtu mmoja akacheka. Kisha benchi zima likacheka, na mama mmoja akamvuta mtoto wake upande wake, kama mtu anavyomvuta mtoto gari linapopita. Yule dada hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Akageuka, akatoka.

Mimi sikucheka. Lakini sikusema neno. Nilichukua kadi iliyofuata, nikaita.

Jioni nilimsimulia mfanyakazi mwenzangu. Akanijibu, "Si wale wa kwenye video, wanaovaa mawigi makubwa na kucheza?" Nikamwambia hapana, huyu alikuja kushonwa kidonda. Akasema, "Ni wale wale."

Hilo "ni wale wale" ndilo ninaloomba tulijadili.

Dragi ni sanaa ya jukwaani. Msanii, mara nyingi mwanaume, anajipamba kupita kiasi kwa makusudi, anachukua jina jingine, anaimba, anacheza au anachekesha, na onyesho likiisha anavua. Wapo pia wanawake wanaoigiza uanaume kwa mtindo huo huo. Mtu aliyebadili jinsia, au transjenda kama wengine wanavyosema siku hizi, hana saa ya kuvua. Anaamka hivyo, anapanda basi hivyo, anaugua hivyo.

Nina mfano ambao huwa unanisaidia kuwaeleza watu. Kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya, Eurovision, wamewahi kushinda wasanii wawili ambao wengi huwaweka kapu moja. Mwaka 1998, kule Birmingham, alishinda Dana International wa Israeli. Huyo ni mwanamke aliyebadili jinsia. Alishuka jukwaani mwanamke, akarudi nyumbani mwanamke. Mwaka 2014, kule Copenhagen, alishinda Conchita Wurst wa Austria, gauni refu na ndevu zilizochongwa vizuri. Conchita ni mhusika wa jukwaani. Aliyemvaa ni mwanaume aitwaye Thomas Neuwirth. Kombe ni lile lile, makofi ni yale yale, lakini ni habari mbili tofauti kabisa. Sisi tunachukua picha ya Conchita, tena ile ya kushangaza kuliko zote, tunakwenda kumbandika dada mwenye mkono unaovuja damu.

Jambo jingine linaloniuma ni la lugha. Kiingereza kinawatesa wenyewe, maana ni vigumu kwao kusema mtu "ameingia" bila kumtaja kuwa wa kiume au wa kike, na magomvi yao mengi yanaanzia hapo. Kiswahili hakina tatizo hilo. Amekuja, ameketi, anaumwa: silabi moja inatutosha sote. Ningeweza kusema "anayefuata aje dirishani", na asingejua mtu chochote. Lugha ilinipa njia, mimi nikaongeza "Kaka".

Karibuni. Naomba tujadili bila matusi.

#2 Mchangiaji

Ungemfuata hata mlangoni. Sisemi kwa kukulaumu. Nasema kwa sababu na mimi nimewahi kubaki nimekaa.

#3 Mchangiaji

Mtoa mada, nakuheshimu na nimeguswa na habari ya kidonda. Mgonjwa ni mgonjwa, atibiwe. Lakini mimi ni mtu wa imani na siwezi kuuficha msimamo wangu. Mungu aliumba mume na mke. Nikimwona mwanaume amevaa gauni, jicho langu linaona mwanaume amevaa gauni, na sitaki kulazimishwa kusema kingine. Halafu hao wa dragi unaowatetea wanakwenda maktaba kuwasomea watoto hadithi. Hapo unasemaje? Tuwaachie watoto wetu?

#4 Mtoa mada

Mkuu, asante kwa kusema kwa ustaarabu. Naomba nikujibu kwa utulivu, maana hoja zako ndizo zinazosemwa kwenye mabenchi yale.

Sikuombi ubadili imani. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani watu wazima maswali mengi juu ya jambo hili. Asilimia 64 walisema watu waliobadili jinsia walindwe wasibaguliwe kazini, kwenye nyumba za kupanga na sehemu za umma. Katika utafiti huo huo, asilimia 60 walisema uanaume au uanamke wa mtu huamuliwa na alivyozaliwa. Jumlisha uone: inapita 100. Maana yake wapo watu, si chini ya robo hivi, waliosema yote mawili. Wanaamini unachoamini wewe, na bado wanasema asifukuzwe kwenye nyumba, asichekwe kwenye foleni. Hao ndio ninaowatafuta hapa. Nadhani hata wewe umo, kwa sababu umeanza kwa kusema atibiwe.

Na hata viongozi wa dini hawajawa na sauti moja. Nchini Iran, miaka ya 1980, Maryam Khatoon Molkara, aliyezaliwa mwanaume akajiona mwanamke, alikwenda hadi nyumbani kwa Ayatollah Khomeini, kiongozi mkuu wa nchi, amevaa suti ya kiume na kubeba Kurani. Walinzi walimpiga. Alitoka pale na fatwa inayomruhusu kubadili jinsia kwa matibabu, na tangu hapo jambo hilo ni halali nchini humo. Sisemi Iran ni mahali pa raha kwa watu hawa. Wapenzi wa jinsi moja huko wanaweza kunyongwa, na wapo wanaosukumwa kwenye upasuaji ili kuikwepa adhabu hiyo. Nasema tu kwamba mwanachuoni mkubwa, mkali kuliko wengi tunaowajua, alimsikiliza mtu mmoja aliyesimama mbele yake, akatoa jibu ambalo walinzi wa mlangoni hawakulitarajia.

Kuhusu watoto. Usomaji wa hadithi na wasanii wa dragi ulianza San Francisco mwaka 2015, na watoto hupelekwa na wazazi wao wenyewe. Msanii anavaa kama malkia wa kwenye hadithi, anasoma kitabu cha picha, anaondoka. Yapo pia maonyesho ya usiku yenye lugha ya watu wazima, na mzazi ana haki kabisa ya kuuliza ni lipi. Swali hilo hilo unaweza kumuuliza mchekeshaji yeyote. Sheria ndiyo imeshindwa kuliuliza vizuri. Machi 2023 jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza Marekani kutunga sheria ya kuyabana maonyesho hayo. Juni mwaka huo jaji wa shirikisho akaitangaza kuwa inakiuka uhuru wa kujieleza. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo, ikisema waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua. Miaka inapita, na kuhusu kile mtoto anachokisikia pale maktaba hakuna aliyejibu kitu.

#5 Mchangiaji

Nimefanya kazi ya taa za jukwaani kwa miaka sita, na mmoja wa wasanii niliowamulikia ni wa dragi. Nieleze nilichokiona, maana watu wengi wanafikiri ni kuvaa gauni tu.

Anaanza saa mbili kabla ya onyesho. Nyusi zake haziondoi, anazilaza kwa gundi ya kijiti, ile ya kubandika karatasi. Anapaka, anasubiri ikauke, anapaka tena, halafu poda, mpaka nyusi zinapotea na paji la uso linakuwa kama ukuta mpya. Kisha anachora nyusi nyingine, juu zaidi, karibu na nywele. Kiunoni anaweka sponji aliyoikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, anaishika kwa soksi ndefu za kubana, jozi tatu moja juu ya nyingine. Wigi linakuja mwisho. Akisimama hapo humjui, hata sauti inakuwa imehama. Baada ya onyesho anajipangusa kwa mafuta, ananawa, anavaa suruali ya jinzi, anampigia mke wake simu kuuliza kama mtoto amelala.

Mtoa mada uko sahihi, hiyo ni kazi na inaisha. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni. Usiku mmoja maji yalikatika, hakuweza kunawa. Akatoka hivyo hivyo na uso wake wa jukwaani, amevaa koti la kawaida, akasimama kando ya barabara kusubiri gari. Watu waliokuwa wanatoka ukumbini, waliokuwa wamempigia makofi mpaka mikono ikawaka, walimpita. Wawili wakamtukana. Mmoja akamrushia chupa ya plastiki. Mimi nilikuwa nazikunja nyaya, nilikuta ameiokota ile chupa ameishika, hajui aiweke wapi. Ukumbini walimpenda. Umbali wa hatua thelathini, uso ule ule ukawa kosa.

#6 Mchangiaji

#5 umenigusa. Hilo la makofi ndani na chupa nje ni la zamani mno, na nikileta historia kidogo mtaona.

Uingereza, mpaka mwaka 1660, wanawake hawakuruhusiwa kuigiza kwenye majukwaa ya hadhara. Wahusika wote wa kike waliigizwa na wavulana. Mabinti wa kifalme, wake, mama wajane, wote ni wavulana waliovalishwa. Japani ni hivyo hivyo: tamthilia ya kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1629 serikali ikawapiga marufuku wanawake, baadaye vijana nao wakapigwa marufuku, wakabaki wanaume wazima. Kutokana na katazo hilo wakazaliwa waigizaji wa nafasi za kike waitwao onnagata, wanaoheshimiwa mpaka leo.

Sasa mtoe huyo msanii jukwaani umwache awe mtu wa kawaida. William Dorsey Swann alizaliwa mtumwa kule Maryland. Baada ya uhuru alikuwa akiandaa dansa za faragha Washington, wanaume weusi, wengi wao waliokuwa watumwa kama yeye, wakivaa magauni ya hariri. Aprili 1888 polisi walivamia. Wenzake wengine walikimbia. Swann alisimama akawazuia polisi mlangoni, gauni lake likachanika. Alijiita malkia wa dragi, na ndiye wa kwanza anayejulikana kwa cheo hicho. Mwaka 1896 alifungwa kwa kisingizio cha kuendesha danguro, akamwandikia Rais Grover Cleveland kuomba msamaha, akanyimwa. Fikiria mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu, anamwandikia rais barua ya kuomba msamaha kwa sababu ya dansa za faragha na marafiki zake.

#7 Mchangiaji

Historia nzuri, lakini hayo yote ni ya Wazungu na Wajapani. Ukweli ni kwamba haya mambo yameletwa na Wazungu.

#8 Mchangiaji

#7, India kuna watu waitwao hijra, wengi wao waliozaliwa wanaume wakaishi kike, na wametajwa huko karne nyingi kabla ya Mwingereza kutia mguu. Walikuwa kwenye majumba ya wafalme wa Kimughali wakiwa na vyeo. Kilicholetwa na Mwingereza ni sheria ya mwaka 1871, iliyowaweka kwenye daftari la watu wanaoshukiwa kwa asili yao na kufanya iwe kosa kuonekana hadharani wamevaa kike. Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya India ikawatambua rasmi kuwa jinsia ya tatu. Sensa ya huko ya mwaka 2011 ilikuwa imeshahesabu watu zaidi ya 480,000 waliojiandikisha nje ya mume na mke. Pale Juchitán, kusini mwa Mexico, wapo muxe. Samoa wapo fa'afafine. Kila mmoja ana jina la lugha ya kwao, na jina la lugha ya kwao huwa haliletwi na meli.

Na tusiende mbali. Audrey Mbugua wa Kenya alikuwa na sura ya mwanamke na vyeti vya shule vyenye jina la kiume. Kila alipoomba kazi, cheti na uso havikupatana. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaliamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mtoa mada, kile kilichotokea dirishani kwako kilitokana na karatasi. Kadi ingesoma jina lake, usingekuwa na uzi huu.

#9 Mtoa mada

Ni kweli, #8. Lakini karatasi haikucheka.

#10 Mchangiaji

Naomba niseme juu ya watu mnaowasahau. Kila mkitaja jambo hili mnataja gauni. Mimi nilikuwa na dada kwa miaka 19, sasa nina kaka. Ndevu zilipoota, mtaani pakawa kimya. Hakuna anayemgeukia. Anapanda basi, anakaa karibu na wazee, wanamwita "kijana", basi. Matatizo yake yanaanza anapotoa kitambulisho: benki, kwenye kizuizi cha barabarani, kituo cha kupigia kura. Dakika moja ni kijana mpole, dakika inayofuata ni tapeli aliyeiba kitambulisho cha mwanamke. Ameshakaa kituo cha polisi kwa muda wa saa tano kwa sababu hiyo.

Nyumbani aliyepata shida zaidi ni mama. Hakumfukuza, lakini jina jipya halikutoka mdomoni. Jina la zamani nalo aliona linamuumiza mtoto. Kwa muda mrefu hakumwita chochote, alikuwa anakuja mpaka alipo ndipo anasema. Halafu siku moja yuko uani anaanua nguo, mvua inaanza, nikamsikia anaita, "Mwanangu! Mwanangu njoo unisaidie!" Kaka yangu akatoka mbio. Tangu siku hiyo ni mwanangu. Jina jipya lilikuja baadaye, likatoka lenyewe.

#11 Mchangiaji

Mimi ni mwanamke, na nimesoma yote nikitafuta mahali pa kuuliza swali langu bila kuzomewa. Niliwahi kufanyiwa ubaya na mwanaume. Nikiingia choo cha wanawake nikakuta mtu mwenye mabega na sauti ya kiume, mwili unaganda kabla akili haijafikiri. Je, hofu yangu nayo mnaiita chuki?

#12 Mtoa mada

Dada yangu, hapana. Pole sana. Hofu iliyotokana na kuumizwa si chuki, na mtu yeyote atakayekuzomea hapa nitamjibu mimi.

Swali lako limefika hadi mahakama kubwa. Uingereza ina sheria ya mwaka 2004 inayomruhusu mtu kupata cheti cha jinsia aliyoichukua. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwamba neno "mwanamke" kwenye sheria yao ya usawa linamaanisha jinsi ya kuzaliwa, huku ikisema waliobadili jinsia bado wanalindwa wasibaguliwe. Wapo waliolia kwa furaha nje ya mahakama, na wapo waliolia kwa uchungu. Sidhani uamuzi wa majaji unaweza kulimaliza jambo ambalo wewe unalisikia mwilini.

Ninachokiona kwa kazi yangu ni hiki. Choo chenye mlango unaofika chini, komeo linalofunga na beseni lake ndani, cha mtu mmoja mmoja, kinakulinda wewe na kinamlinda yeye. Hospitalini kwetu tuna vyumba viwili vya namna hiyo na sijawahi kusikia ugomvi. Na kuna wanawake waliozaliwa wanawake, warefu, wenye nywele fupi na sauti nzito, wanaozuiwa mlangoni na kuulizwa wathibitishe. Wananiambia hivyo wakija kujiandikisha. Tukianza kumkagua kila anayeingia, tutawakagua na hao.

Michezo naiacha kando. Shirikisho la riadha la dunia liliamua Machi 2023 kwamba waliopitia balehe ya kiume wasishindane kwenye kundi la wanawake. Hayo ni mambo ya misuli na sekunde, yana wataalamu wake. Nachoomba ni yasibebwe kutoka uwanjani yakaletwa kwenye benchi la wagonjwa.

#13 Mchangiaji

Sawa, tumeelewana. Lakini mtu mzima anabadilika kweli? Mimi nimebishana na shemeji yangu miaka minne juu ya hili, kila tukibishana anazidi kuwa mgumu.

#14 Mtoa mada

Anabadilika, na kuna ushahidi ninaouamini kwa sababu waliouleta ndio wale wale waliofichua uongo uliotangulia.

Mwishoni mwa 2014 ilitoka makala kwenye jarida la Science ikidai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni hubadili msimamo wa watu juu ya ndoa za jinsi moja. Watafiti vijana wawili, David Broockman na Joshua Kalla, walitaka kufanya utafiti wa aina hiyo hiyo, wakaona takwimu za ile makala haziingii akilini. Wakachimba. Mei 2015 makala ikaondolewa. Wangeweza kuishia hapo. Badala yake wakaendelea na utafiti wao, safari hii juu ya watu waliobadili jinsia, kule Miami. Watu 56 walitembea nyumba kwa nyumba, na waliopimwa ni wapiga kura 501. Wengine walizungumziwa habari za kuchakata taka, ili kuwe na kipimo cha kulinganisha. Wengine walikaa na mgeni mlangoni kama dakika 10 wakizungumza juu ya watu waliobadili jinsia. Baada ya miezi mitatu walioguswa na mazungumzo hayo bado walikuwa na upole ule ule. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016.

Sasa sikiliza walichofanya mlangoni, maana hapo ndipo dawa ya shemeji yako ilipo. Hawakubishana. Hawakuhubiri. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke siku aliyohukumiwa kwa sababu alikuwa tofauti na wengine, asimulie, wao wanasikiliza. Baada ya hapo ndipo wanauliza: unadhani mtu aliyebadili jinsia anapitia nini? Na jambo lilifanya kazi hata pale aliyebisha hodi hakuwa amebadili jinsia mwenyewe.

Kwa hiyo usimpelekee shemeji hoja nyingine. Muulize ni lini alichekwa.

#15 Mchangiaji

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni mmoja wa mnaowajadili. Sijawahi kupanda jukwaani maisha yangu yote, na naona haya hata kuimba mbele za watu.

Nawashukuru, wengi mmezungumza vizuri. Nina mawili tu. La kwanza ni maswali. Mtu ambaye hajawahi kuniuliza nimeamkaje ananiuliza nimefanyiwa nini chini ya nguo. Ananiuliza kwenye lifti, kwenye duka la dawa, msibani. Hakuna mtu anayemuuliza jirani yake swali hilo. Ukitaka kuniuliza kitu, niulize nikuite nani. Nitakujibu kwa furaha.

La pili: msiuweke ukuta mnene mno kati yetu na wasanii wa dragi. Kuwatofautisha ni sawa, kuwakana sitaki. Wapo waliobadili jinsia ambao walipata nguvu ya kwanza kwenye jukwaa hilo, kwa sababu palikuwa mahali pekee walipoweza kuvaa gauni wakapigiwa makofi. Marsha P. Johnson alikuwa mmoja wa waliosimama mbele ya polisi kwenye ghasia za Stonewall, baa ya wapenzi wa jinsi moja kule New York, Juni 1969. Alikuwa msanii wa dragi, na aliishi kila siku kama alivyoishi. Akiulizwa ile P ni ya nini, alijibu kwa maneno yenye maana ya "achana nayo". Mwaka 1970 yeye na Sylvia Rivera wakaanzisha kundi la kuwahifadhi vijana waliofukuzwa makwao, wakati wao wenyewe hawakuwa na uhakika wa kulala. Chupa aliyorushiwa yule msanii wa #5 ilikuwa inanilenga na mimi.

Shirika la Afya Duniani lilituondoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika mwongozo uliopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye foleni ya hospitali. Nilitamani kuwaonyesha waliokaa pembeni yangu. Sikufanya hivyo.

#16 Mchangiaji (#3)

Nimerudi. Imani yangu iko pale pale. Lakini nimekumbuka siku nilipochekwa, na sikuwahi kumsimulia mtu. #15, samahani. Nikuite nani?

#17 Mchangiaji (#15)

Nitakuandikia pembeni, ndugu yangu. Asante kwa kuuliza.

#18 Mchangiaji

Mtoa mada, hujatuambia. Yule dada alirudi?

#19 Mtoa mada

Hakurudi.

Siku ile ile niliomba tubadilishe utaratibu, sasa tunaita kwa namba. Ilichukua wiki mbili kukubaliwa, na haikugharimu kitu. Kadi yake niliitoa kwenye rundo nikaiweka kwenye trei ya kushoto, karibu na mkono wangu, ili akija tu nisimfanye asubiri. Juu nilibandika karatasi ndogo nimeandika "kidonda, mkono wa kushoto, apite moja kwa moja". Gundi ilikauka, karatasi ikawa inadondoka, nikawa naibandika tena. Mwisho wa mwezi mtu wa kumbukumbu alipita kukusanya kadi ambazo hazijatumika. Akauliza kama na hii aichukue. Nilimwambia aiache mpaka Ijumaa.